Msuko wa Wakati: Maoni Yangu Kuhusu Mchezo wa Braid

Wapenzi wa lugha na ushairi, nawaomba radhi tangu mwanzo. Barazani hapa tumezoea kujadili vina na mizani, lahaja na msamiati. Leo nimekuja na habari za mchezo wa kompyuta. Si mchezo wa kufyatuliana risasi wala wa kandanda, bali ni wa ile jamii ya michezo ambayo mtu wa kuchorwa hukimbia na kurukaruka juu ya majukwaa, kama watoto wetu wanavyomjua Mario. Jina lake ni Braid. Nimekaa nao majuma mawili. Umenikasirisha, umenifurahisha, na mwishowe umenifanya nilifungue daftari la mashairi ambalo nilikwisha kuapa kutolifungua tena. Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niandike.

Aliyeniletea ni mpwa wangu, alipokuja likizo. "Mjomba, wewe si bingwa wa mafumbo? Haya, fumbua hili." Akaniketisha mbele ya kompyuta yake. Hazikupita dakika mbili, kijana wa mchezoni, mfupi, aliyevaa suti na tai, akatumbukia kwenye miiba. Nikaondoa mikono, nikijua mambo yamekwisha. Mpwa wangu akaniambia nishikilie kitufe kimoja. Nikakishikilia. Kijana akanyanyuka kutoka miibani, akapaa kinyumenyume hadi pale aliporukia, na muziki nao, ambao ulikuwa wa zeze na kinubi, ukarudi kinyumenyume pamoja naye. Nilikiachia, naye akasimama mzima, akiningoja.

Maji yaliyomwagika yalikuwa yamezoleka.

Mchezo huu ulibuniwa na Jonathan Blow, Mmarekani, na picha zake zilichorwa na David Hellman kwa mtindo unaofanana na rangi za maji. Ulitoka Agosti 2008 kwa mashine ya Xbox 360, ukafuatia kwenye kompyuta mwaka 2009, na mwaka 2024 likatolewa toleo lililochorwa upya. Blow aliugharimia kwa fedha zake mwenyewe, bila kampuni kubwa ya kumwamrisha, na walioufuatilia husema kwamba ndio uliowathibitishia wengi kuwa mtu mmoja mwenye wazo lake anaweza kutengeneza mchezo unaojadiliwa kama kitabu. Kisa chake ni chepesi kukisimulia: kijana Tim anamtafuta Binti Mfalme aliyenyakuliwa na zimwi. Kila anapofika ngomeni anaambiwa kuwa binti huyo pengine yuko katika ngome nyingine, mzaha ambao kila aliyewahi kucheza Super Mario anaufahamu.

Kabla sijaendelea, niseme neno kuhusu jina. Braid kwa Kiswahili ni msuko. Wenzetu wa Kiingereza, wakisema neno hilo, huona nywele. Sisi tukisema msuko tunaona nywele, tunaona pia ukili wa mkeka unavyopita juu ya mwenzake na chini ya mwenzake, na wale waliosoma fasihi wanaona mtiririko wa visa katika hadithi, kwa kuwa ndivyo tulivyoliita jambo hilo darasani: msuko, au ploti. Sidhani Blow alijua kwamba kuna lugha ambayo jina la mchezo wake linabeba nywele, mkeka na hadithi kwa mpigo. Lakini mimi niliucheza nikiwa na neno hilo kichwani, na nakiri kwamba huenda lilinisaidia kuupenda kuliko unavyostahili.

Sasa, ubora wake.

Nyumba ya Tim ina milango, na kila mlango unaelekea ulimwenguni. Kila ulimwengu una kanuni yake moja kuhusu wakati, na una vipande kumi na viwili vya picha ambavyo mchezaji huviokota, kila kimoja kikiwa kimefichwa nyuma ya fumbo. Kwangu mimi hizo ni bahari za ushairi, kwa maana yetu. Anayetunga utenzi amejifunga kwa kaida za utenzi hadi ubeti wa mwisho; hachomeki mshororo wa mizani kumi na sita kwa sababu amekwama. Blow naye hachomeki. Akishakuwekea kanuni, anaizungusha, anaibinua, anakuonesha sura zake zote, kisha anaiacha kabla hujaichoka. Hakuna fumbo linalokaribia kurudiwa. Wangapi kati yetu tunaweza kusema hivyo kuhusu beti zetu?

Ulimwengu wa kwanza kuuingia umepewa nambari 2 na jina linalohusu wakati na msamaha. Mlangoni pake kuna vitabu vilivyofunguliwa, na ndani yake tunasoma kwamba Tim alimkosea Binti Mfalme, na kwamba anatamani uwepo ulimwengu ambamo mtu angeweza kulirudisha kosa lake huku akibaki na funzo lake. Unavuka mlango, na ndivyo ilivyo hasa: unakosea, unarudisha, unabaki na funzo. Wazo limetoka kwenye karatasi likaingia vidoleni. Katika ulimwengu unaofuata, baadhi ya vitu vina mng'aro wa kijani, na vyenye mng'aro huo havitii amri ya kurudishwa nyuma. Pana shimo moja humo lenye ufunguo chini yake. Ukijitumbukiza huwezi kupanda tena. Niliketi mbele ya shimo hilo jioni nzima. Nikaamka asubuhi nikiwa nimelijua jibu, kama vile kina kilichogoma usiku kinavyokuja chenyewe wakati mtu anapiga mswaki: jitumbukize, uchukue ufunguo, kisha rudisha wakati. Wewe utarudi juu. Ufunguo, kwa kuwa hautii wakati, utabaki mkononi mwako.

Lakini ulimwengu ulionikaa moyoni ni ule wa nambari 5, unaohusu uamuzi. Hapo ukirudisha wakati, lile ulilokuwa umelitenda halifutiki. Kivuli chako kinabaki kikilitenda upya, kikikimbia njia uliyoiacha, kikivuta wenzo ulioamua kutouvuta, huku wewe ukishika njia nyingine. Mafumbo yake yanafumbuliwa kwa kushirikiana na nafsi yako ya njia ile nyingine. Nilipoelewa hivyo nilicheka peke yangu, maana niliona kitu ambacho nimekifundisha ubaoni kwa miaka bila kukiona: -ngali-. Tunawaambia wanafunzi kwamba "ningalikwenda" ni tendo lisilotendeka na ambalo nafasi yake imekwisha pita. Kisarufi ni kweli. Lakini kila aliyewahi kujuta anajua kwamba yule aliye ndani ya "ningalikwenda" hajafa. Anakwenda. Anakwenda kila usiku, kando yako, kwa njia ile ile. Blow amemchora, akampaka kivuli, akampa kazi.

Na katika ulimwengu wa 6 Tim ana pete. Ukiiweka chini, wakati unakuwa mzito pale ilipo na kuzidi wepesi kadiri unavyokwenda mbali nayo. Kitabu cha mlangoni kinazungumzia pete ya ndoa na jinsi watu wanavyobadilika wanapoiona kidoleni. Sihitaji kueleza zaidi. Wenye pete wameelewa, na waliozivua wameelewa zaidi.

Kuna ubora mwingine ambao wengine wanauhesabu kuwa kasoro. Mchezo haukusaidii. Kwetu mtu husema "Kitendawili!", akajibiwa "Tega!", na walioteguliwa wakishindwa, mtegaji hudai mji. Anapewa Mombasa au Tabora, anautawala kidogo, kisha anatoa jibu. Blow hapokei mji wowote. Hata alipotoa mwongozo rasmi wa mchezo, ulikuwa wa kumsihi mchezaji ajifumbulie mwenyewe. Mpwa wangu anayajua majibu yote na alitaka kuninong'oneza; nilimfukuza chumbani. Nina hakika nilifanya vyema, ingawa mama yake alinuna.

Nikija kwenye kasoro, nianze na ndogo ndogo. Katika ulimwengu wa 4 wakati umefungwa kwenye hatua zako: ukienda kulia unasonga mbele, ukienda kushoto unarudi. Ni wazo la ajabu, lakini mafumbo mawili matatu humo yanahitaji wepesi wa vidole kuliko wepesi wa akili. Unalijua jibu, na bado unashindwa kwa sababu umeruka mapema kidogo. Hiyo ni sawa na kumnyima mshairi tuzo kwa sababu ya mwandiko wake. Halafu kuna nyota nane zilizofichwa, ambazo mchezo haukutajii popote. Moja inapatikana kwa kusubiri wingu linalosogea kwa muda unaokaribia saa mbili. Nyingine inataka uwe hujaiunganisha picha fulani. Ukiwa umekwisha iunganisha, huna budi kuanza mchezo wote upya. Fikiri: mchezo uliojengwa juu ya ahadi kwamba hakuna kosa lisilorudishika unaficha ndani yake kosa lisilorudishika. Wapo wanaosema kwamba huo ndio ucheshi wake. Mimi nimekaa na wingu lile, nikapika chai, nikasahihisha insha kumi na mbili, na sikucheka.

Kasoro kubwa ni maandishi. Vile vitabu vya mlangoni, ambavyo mwanzoni vina aya chache zenye utulivu, vinazidi kulemewa kadiri unavyoendelea. Sentensi zinajua mno kwamba zinasomwa. Na mwishoni kabisa, baada ya mchezo kumalizika, tunapewa aya zinazodokeza kwamba Binti Mfalme huenda si mwanamke bali ni bomu la nyuklia: Tim sasa anachunguza tufaha linavyoanguka, na yamechomekwa maneno ya kujilaani aliyoyatamka mwanafizikia Kenneth Bainbridge baada ya jaribio la kwanza la bomu hilo huko New Mexico, tarehe 16 Julai 1945. Anayezipata nyota zilizofichwa humfikia Binti Mfalme, naye akiguswa hulipuka. Yapo makala marefu ya kuthibitisha fasiri hiyo, na nyingi zina hoja.

Mimi siipingi kwa sababu si kweli. Naipinga kwa sababu haikutungwa. Sitiari iliyokomaa huota mizizi tangu ubeti wa kwanza, hata kama msomaji ataiona kwenye wa mwisho. Bomu hili halina mizizi vidoleni. Katika mafumbo yote sitini sikuwahi kuhisi, kwa mkono wangu, kwamba ninavumbua kitu cha kuangamiza. Majuto niliyahisi, pete niliihisi, kivuli nilikihisi. Bomu nimelisoma tu. Limeletwa na maandishi, na maandishi ndiyo chombo ambacho mtunzi huyu anakimudu kwa uchache zaidi. Ni kama malenga mwenye sauti ya kuliza ukumbi ambaye, akishamaliza kughani, anasimama kutueleza kuwa shairi lake lilihusu uchumi wa dunia.

Nalisema hili kwa ukali kwa sababu kabla tu ya aya hizo Blow ametenda jambo ambalo, kwa maoni yangu, halihitaji neno hata moja kuongezwa. Asiyetaka kulijua na aishie hapa, akacheze kwanza.

Ulimwengu wa mwisho umepewa nambari 1, na ndani yake wakati unakwenda kinyume wenyewe. Tunamwona shujaa mwenye mavazi ya chuma akishuka kwa mnyororo akiwa amemkamata Binti Mfalme. Binti anapiga kelele za kuomba msaada, anaponyoka, anakimbia. Tim anakimbia chini yake, ukuta wa moto nyuma yao. Binti anavuta wenzo, kizuizi kilicho mbele ya Tim kinaondoka. Tim naye anavuta, njia ya binti inafunguka. Wanasaidiana hadi nyumbani kwake. Anajilaza kitandani, nawe umesimama dirishani. Halafu panakwama. Hakuna la kufanya ila lile ambalo mchezo mzima umekufundisha kulifanya: unarudisha wakati.

Na kwa kuwa huko wakati ulikuwa unakwenda kinyume, kuurudisha ndiko kuuweka sawa. Sasa tunaona yaliyotokea kweli. Mwanamke amelala. Anaamka, anamwona mtu dirishani. Anakimbia. Kila wenzo anaouvuta ni wa kumzuia yule mtu anayemfuata: anafunga njia, anaangusha vizuizi. Mwisho anaomba msaada, na yule mwenye mavazi ya chuma anashuka kwa mnyororo, anambeba na kumwokoa. Zimwi ni mimi niliyeshika vitufe.

Niliizima kompyuta nikatoka nje.

Nilipokuwa kijana nilimpenda msichana mmoja, na alipoacha kuniitikia nilitunga shairi la beti ishirini na nne. Lilikuwa shairi zuri. Nasema hivyo bila haya kwa kuwa wengi wameniambia. Limeghaniwa harusini, jambo ambalo lingenichekesha kama lisingalikuwa langu. Kila ubeti ulikoma kwa kibwagizo kinachouliza nani kaufunga mlango. Kwa miaka thelathini nimeliamini shairi hilo kama mtu anavyoiamini picha yake ya zamani. Kwamba mimi ndiye niliyeachwa nje. Kwamba yeye ndiye mwenye moyo wa jiwe. Usiku ule nililitoa daftari nikalisoma kuanzia ubeti wa ishirini na nne nikirudi nyuma hadi wa kwanza. Nikamwona msichana anayebadilisha njia ya kwenda sokoni. Nikamwona akimtuma mdogo wake aseme kwamba hayupo. Nikamwona kaka yake aliyekuja kuzungumza nami kwa upole, ambaye katika ubeti wa kumi na saba nimemwita jini. Yote yamo mle. Niliyaandika kwa mkono wangu, kwa vina visivyo na dosari, na sikuyaona.

Aina hiyo ya shairi, la mwanamume anayelalamikia mlango uliofungwa, ni nusu ya mashairi yetu ya mapenzi. Sisemi yote yana zimwi ndani yake. Nasema sikuwahi kufundishwa kuyasoma kinyumenyume, nami sikuwafundisha wengine.

Lakini hapo hapo ndipo ninapomkamata Blow kwa kosa lililo zito kuliko bomu lake. Amegeuza kisa, na katika kukigeuza hakumpa yule mwanamke kauli. Kabla ya mgeuko alikuwa tuzo; baada ya mgeuko ni ushahidi dhidi ya Tim. Bado hana jina. Bado tunamtazama kutoka dirishani. Mchezo unahusu dhamiri ya Tim tangu mwanzo hadi mwisho, na hata kutubu kwake ni mazungumzo yake na nafsi yake. Kwetu jambo hili lina dawa ya kale: majibizano. Muyaka bin Haji wa Mombasa alipowarushia Lamu beti zake, walikuwapo watu wa Lamu wa kumrudishia. Magazeti yetu, tangu enzi za Mambo Leo, yamechapisha shairi juma hili na jibu lake majuma yajayo. Na katika taarabu, aliyesemwa husimama naye akasema, na mara nyingi humshinda mwenzake. Mlalamikaji anayeingia kwenye utamaduni huo anajua kwamba anayemlalamikia ana ulimi na anajua kuhesabu mizani. Msuko, kwa hakika, hausukwi kwa uzi mmoja.

Nimejaribu kuandika jibu. Beti tano zimekuja, nne nimezichana. Hii imebaki:

Mlango niliufunga, kwa mkono wangu mimi,
Wewe nje ukiringa, ukiniita kwa ndimi,
Nilitaka kujikinga, na makali ya usemi,
Ndipo leo wauliza, mlango nani kafunga?

Mnaona tatizo lake. Mizani imetimia, vina vimekaa, na bado aliyeiandika ni mimi. Nimefanya kama Blow: nimemsemea. Mpwa wangu aliusoma ubeti huu juu ya bega langu, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama mwenyewe ameuona. Nilimjibu kwamba anaishi mji mwingine, ana wajukuu, na kwamba barua yangu mlangoni pake, baada ya miaka thelathini, ingekuwa hodi nyingine tu.